Baridi ya Makungu

Shangazi yangu Bi Mize alikuwa na kiungulia tangu kabla sijakwenda Ujerumani Mashariki kusomea madawa, na niliporudi nilikikuta kimekua. Akijinyoosha tu kitandani kinampanda, anakaa kitako mkono kifuani, anapiga mbweu na kumtaja Mungu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimekabidhiwa chumba cha dawa katika kliniki moja ya mjini. Nikamletea dawa nyeupe ya magnesia, nikamwambia asile akalala papo hapo, na mto auinue. Akainywa kidogo, akanirudishia chupa.

"Hii ni kama kulamba ukuta," akasema. "Huko Ulaya ndiko walikokufundisha kuwanywesha watu chokaa?"

Hazikupita siku nyingi akarudi kutoka mtaa wa Mlandege akiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mkononi ana kichupa kimefungwa kwa kipande cha gazeti.

"Tabia, nshapona."

Alipokifungua sikuhitaji kuuliza ni kitu gani. Chumba kizima kilinuka peremende, zile pipi nyeupe za duara ambazo tulipokuwa wadogo tukizificha chini ya ulimi kwenye chuo cha Kurani, tukishindana nani atavuta pumzi bila ya kutoa machozi.

"Nani kakupa?"

"Daktari Makungu."

"Makungu yupi? Yule mkoroga sukari?"

"Hebu utie adabu ulimi wako," shangazi akasema. "Mtu mzima yule. Anaheshimiwa kuliko wewe."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Makungu nilimjua vizuri. Alikuwa akifanya kazi katika karakana ya pipi nyuma ya Darajani. Yeye na mwiko wake mrefu, jasho likimtiririka juu ya masufuria ya sukari. Mwaka wa sitini na nne, wa mapinduzi, mwenye karakana akaondoka na familia yake, milango ikafungwa. Na Makungu, sijui kwa njia gani na sikuwahi kumuuliza, akabaki na debe la mafuta ya peremende yaliyokuwa yakitiwa ndani ya zile pipi. Debe lile likakaa chini ya kitanda chake miaka. Kisha madaktari wenye vyumba vyao binafsi wakaondoka mmoja baada ya mmoja, maduka ya dawa yakabaki na makabati ya vioo yasiyo na kitu, na Makungu akagundua kwamba yeye ni tabibu.

Alifungua kibanda Mlandege. Akavaa kanzu nyeupe, akajinunulia miwani isiyo na nambari. Mafuta mengine akayachanganya na mafuta ya nazi, hayo ya kuchua. Mengine akayaacha makali, hayo ya kudondoshwa ulimini na puani. Akiulizwa imetengenezwa kwa nini, anasema ni nanaa ya shambani kwake Mwanakwerekwe, inachumwa kabla jua halijachomoza na mtu mwenye udhu. Akiulizwa inatibu nini, anasema: "Wewe unaumwa nini?"

Nilimweleza shangazi yangu. Nilimwambia peremende ni kweli ni ndugu ya nanaa, lakini si nanaa yetu. Ni jani lililozaliwa na aina mbili za nanaa za nchi za baridi, na kwa kuwa ni chotara hata mbegu zake hazioti, hupandwa kwa vipandikizi. Nimeliona mashambani huko, nimenyweshwa chai yake hospitalini na bwenini mpaka nikaichukia. Ndani ya mafuta yake mna kitu kinaitwa mentoli, na hicho ndicho kinachotia baridi. Nanaa anayotia shangazi kwenye chai yake haina mentoli ya kutajika. Aitafune shamba zima, hatapata ule ubaridi. Basi Makungu ni mwongo tangu neno la kwanza.

"Lakini nimesikia baridi," shangazi akasema.

"Ndiyo, umesikia. Mentoli inaigusa mishipa ile inayoleta habari za baridi, mishipa ikakuletea habari ambayo haipo. Na tumbo inalilegeza, kwa hiyo riahi zinatoka, unapata nafuu kidogo. Lakini inalegeza na ule mlango wa juu wa tumbo. Ile tindikali inayokuchoma inapata njia nyeupe ya kupanda. Kiungulia chako kitazidi."

Bi Mize alinitazama kama anavyomtazama mwuza samaki anayesema changu wa jana ni wa leo.

"Ulikwenda kusomea baridi, ukarudi na baridi ya moyo," akasema, akajidondoshea matone mengine.

Kiungulia kilizidi. Naye akazidisha matone. Kila kinapomchoma, anajipoza, akishajipoza, kinamchoma. Akanihakikishia kwamba ugonjwa wake ni mkubwa sana, na bahati njema amepata dawa inayoweza kushindana nao.

Nikaenda Mlandege mwenyewe. Nilipita nikitoka kazini, mkobani nina kipimajoto, kwa sababu kliniki ilikuwa na viwili tu na kinacholala mezani hakiamki hapo. Nje ya kibanda watu wamejaa barazani. Katikati amekaa mchukuzi mmoja wa bandarini aitwaye Nahodha, jitu la miraba minne linalotetemeka kwa homa, kifua wazi. Makungu anamchua kifua na paji la uso huku watu wanaangalia kama wanaoangalia ngoma.

"Unaisikia?" Makungu anauliza.

"Naisikia," anajibu Nahodha, meno yanagongana.

"Iko wapi homa?"

"Inashuka, daktari. Wallahi inashuka."

Watu wakaguna kwa raha. Sikuweza kujizuia.

"Bwana Nahodha, niruhusu nikupime," nikasema, nikamtia kipimajoto kwapani. Watu wakasogea. Zebaki ilipanda mpaka thelathini na tisa na nusu ikatulia. Nikakiinua juu wakione. "Huyu anaungua. Ngozi yake inasikia baridi, lakini mwili uko palepale. Ana malaria, apelekwe kliniki akapewe klorokwini."

Makungu alikitazama kipimajoto kwa miwani yake ya kioo kitupu.

"Hicho kimetoka wapi?" akauliza kwa upole.

"Ujerumani."

"Basi. Kinapima homa za Ujerumani."

Kicheko kilichopasuka pale nilikisikia mpaka visiginoni. Nahodha mwenyewe, na homa yake yote ile, alicheka. Kisha akasimama Mkadam, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kuacha mkutano upite bila ya kuuhutubia.

"Bi Tabia," akasema, "serikali imekusomesha kwa karafuu za wananchi. Leo unakuja kumvunja moyo mwananchi anayejitegemea? Dawa ya nchini, nanaa ya nchini, na wewe unaipinga? Tuelewe vipi?"

Miaka ile swali kama hilo mtu halijibu barazani. Nikakitia kipimajoto changu mkobani nikaondoka, nyuma yangu watu wakiulizana wakicheka: "Unaisikia?" "Naisikia!"

Nikamwendea mkubwa wangu, Bwana Mabrouk, msimamizi wa kliniki. Nikamweleza yote: mafuta ya pipi, kiungulia, homa, na hatari ya kuwadondoshea watoto puani. Alinisikiliza huku akipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Unaiona foleni yetu?" akaniuliza.

"Naiona."

"Imepungua. Mwaka jana ilikuwa ikifika barabarani. Wizarani wameniandikia kunipongeza. Sasa wewe unataka nifanye nini? Nifunge kibanda cha Makungu, watu wote wale waje hapa, niwape nini? Makabati unayo wewe, unajua mna nini."

Nilijua. Mlikuwa na magnesia, klorokwini kidogo, bandeji, na dawa ya minyoo iliyokwisha muda wake. Alipovuta mtoto wa meza kutafuta kalamu nikakiona kichupa, kimefungwa kwa kipande cha gazeti. Aliona kwamba nimeona.

"Ni cha mafua tu," akasema Bwana Mabrouk.

Katika nyumba tuliyokuwa tukikaa, chumba cha chini alipanga Sichana, msichana wa Tumbatu ambaye mumewe alikuwa Pemba kwa msimu wa karafuu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, yumo ndani ya arubaini yake, hatoki. Alikuwa mkimya, akikuamkia huku anatazama miguu yako. Bi Mize ndiye aliyemsimamia: anampikia uji wa pilipili manga, anamkanda, anamwogesha mtoto. Shangazi yangu ana roho hiyo. Mtu akiumwa hawezi kumwacha hivihivi.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa juu nikipiga pasi nikasikia sauti yake.

"Tabia!"

"Naam!"

"Tabia we! Shuka!"

Sikuwahi kumsikia akiita vile. Niliteremka ngazi pekupeku. Sichana amesimama katikati ya chumba na mtoto mikononi, na mtoto amefungua mdomo kama anayelia lakini hatoi sauti. Uso umekuwa wa buluu, midomo imeiva kama zambarau. Chumba kinanuka peremende. Shangazi ameshika kichupa wazi, mkono unatetemeka.

"Alikuwa na mafua tu," akasema. "Tone moja. Kila pua tone moja, kama alivyosema."

Nilimnyakua mtoto. Nikampangusa pua kwa ncha ya kanga, nikampindua kifudifudi juu ya mkono wangu, nikampiga nyayo. Hakuna kitu. Nikamgeuza, nikaweka mdomo wangu juu ya pua na mdomo wake, nikapuliza kidogo, na ule ukali wa peremende ukaniingia mpaka machoni. Nikapuliza tena. Sijui ilikuwa muda gani. Sichana hakupiga kelele, hakusogea, alinitazama tu mikono ikiwa bado imekaa mkao wa kumbeba. Kisha koo lile dogo likaachia. Mtoto akavuta pumzi kwa mlio kama mlango wenye kutu, akalia.

Tulimkimbiza hospitali, wakakaa naye mpaka magharibi, wakasema mafua yake ni ya kawaida, arudi nyumbani na asitiwe kitu chochote puani.

Nilidhani mambo yamekwisha. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Niliamini kwamba mtu akiona kwa macho yake, ameona.

Asubuhi yake nikamsikia shangazi yangu uani akiwahadithia wanawake. "Ile dawa ilikuwa inapambana," anasema. "Mtoto alikuwa na kitu kifuani, kimemkaba, sisi hatukijui. Dawa ilipoingia ikakishika. Ndiyo maana akanyamaza vile. Kilipotoka tu, akalia. Na sasa hana mafua kabisa!"

"Shangazi!" nikamwita. "Ulinipigia kelele mwenyewe! Ulikuwa unatetemeka!"

"Nilitetemeka kwa kuwa sikujua," akasema, wala hakunitazama. Wanawake wakatikisa vichwa. Niliuona uso wake na nikaelewa kwamba hawezi kusema vinginevyo. Angesema kweli, angekuwa yeye ndiye aliyemdondoshea. Lakini kuelewa hakukunipunguzia hasira. Kufika mchana kule Mlandege ilikuwa imeshatangazwa kwamba dawa ya Makungu imemfufua kitoto kichanga huku mfamasia wa serikali akimpigapiga nyayo.

Siku ile niliudharau mji mzima. Niliudharau kuanzia Mkadam na hotuba zake mpaka Bwana Mabrouk na mafua yake, na wale wanaume barazani walioridhika kuhisi kwamba wamepona. Nikasema, wafe na baridi yao.

Jioni Sichana alibisha mlango. Alikuwa amejitanda kanga mbili, mtoto amelala begani. Hata kupanda ngazi zile arubaini yake ilikuwa haimruhusu.

"Bi Tabia, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Nnataka kujua," akasema. "Koo lake lilifanya nini?"

Nilimtazama nikidhani natafutwa maneno. Lakini alikuwa ananitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimjue. Nilikuwa nimerudi nchini mwaka na zaidi, nimeeleza mentoli barazani, jikoni na ofisini, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali akasubiri jibu. Nikamwambia kwamba pua ya mtoto mchanga ina ulinzi wake. Kitu kikali kama kile kikiingia, mwili unadhani anazama, unalifunga koo ili kisiteremke kifuani. Mtu mzima anapiga chafya yakaisha. Mtoto hana nguvu hizo. Koo linafunga, na wakati mwingine halifunguki.

"Basi hakukuwa na kitu kifuani."

"Hakukuwa na kitu. Mafua tu, kama wanavyopata watoto wote."

"Na wewe ulipompulizia?"

"Nilikuwa namsaidia mpaka koo lichoke kufunga."

Aliniangalia mdomo. "Niambie tena," akasema. Nikamwambia tena, safari hii polepole. Alirudia maneno yangu moja baada ya moja kwa lafudhi yake ya Tumbatu, kisha akaniaga akateremka.

Arubaini yake ilipokwisha, ndugu zake wakamwogesha, wakamfukiza udi, wakampamba. Mahali pa kwanza alipokwenda, kabla hata ya kupeleka mtoto kuonyeshwa kwa wazee wake, ni Mlandege. Alikaa barazani kwa Makungu na mtoto mapajani. Makungu alimpokea kwa furaha, akaagiza chai, akawaambia wateja: "Huyu ndiye yule mtoto!"

"Ndiye," Sichana akasema. "Hii dawa ilimfunga koo. Alikuwa mweusi kama chungu."

Watu wakacheka wakidhani kakosea kusema. Akarudia. Akaja mwanamke na mtoto mgongoni, Sichana akamwambia vilevile, sauti ileile ndogo: pua huku tone moja, huku tone moja, kisha mtoto hana pumzi. Mkadam akaja akamwambia mama rudi nyumbani ukapumzike. Sichana akamwuliza, "Kwani baraza hii ya nani?" na Mkadam, ambaye kila siku alihutubia kwamba kila kitu ni cha wananchi, akaenda zake. Kesho yake Sichana akarudi. Na keshokutwa. Hakutukana mtu, hakutaja mentoli, hakuwa na kipimajoto. Akiulizwa na wanaume kama amelipwa na Bi Tabia, anamwinua mtoto na kusema, "Mwanangu huyu." Sijapata kuona ukaidi wa namna ile, na nilikuwa najiona mimi ndiye mkaidi.

Wanawake waliacha kwanza. Mwanzo wakija usiku usiku au wakimtuma mtu mwingine, kisha wakaacha kabisa. Wanaume waliendelea kujichua vichwa, na sikuwalaumu kwa hilo. Kwenye kichwa kinachouma mafuta yale hayana ubaya.

Makungu alinijia kliniki wakati wa kufunga. Hakuvaa kanzu wala miwani. Bila ya miwani alikuwa na macho madogo yaliyochoka.

"Bi Tabia, yule mtoto alikata pumzi kweli?"

"Wewe si ndiye uliyewaambia watu umemfufua?"

"Mimi niliambiwa hivyo. Walikuja kunipa habari, nikafurahi." Akajifuta uso. "Mimi najidondoshea puani kila asubuhi. Sijapata kudhurika."

Nilipata kujua hapo kwamba mtu yule hakuwa hata mwongo mzuri. Alikuwa amejidanganya yeye kwanza, tena kwa moyo mkunjufu, na mji ukamfuata. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kwa miezi, na yote nilimwambia. Nilimwambia kuhusu homa ya Nahodha, aliyelala wiki mbili baada ya kuchuliwa. Nilimwambia kuhusu kifua cha shangazi yangu. Aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Mwisho nikamwambia yanafaa kwa nini: kuchua paji la uso kwa maumivu ya kichwa, matone machache kwa mtu mzima mwenye riahi au msokoto wa tumbo, na mvuke wake kwa mafua ya mkubwa. Mtoto mdogo asiyaone.

"Hayo tu?" akauliza, kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani.

"Hayo tu. Kwa jani, ni mengi."

"Na debe lililobaki nilifanyeje?"

"Tengeneza pipi. Si ndiyo kazi unayoijua?"

Makungu akaniangalia kwa mara ya kwanza kwa dharau, na nakiri ilikuwa dharau halali.

"Bi Tabia," akasema, "sukari iko wapi?"

Nikageuka kufunga kabati. Mwezi ule hata mgao wa sukari wa nyumbani kwetu ulikuwa haujatolewa.

Alifunga kibanda akenda shamba kwa ndugu zake. Foleni ya kliniki ikarudi mpaka barabarani, Bwana Mabrouk akaacha kupongezwa, na akanilaumu mimi mbele ya wafanyakazi. Shangazi yangu kichupa chake kilikwisha, akapata tabu siku mbili tatu, kisha kiungulia kikapungua, naye akasema ni kwa sababu ya dawa ya Makungu iliyokuwa imeshaingia mwilini. Magnesia alikuwa akiinywa kwa siri, nilijua kwa kupima chupa, na sikumwambia. Mumewe Sichana alirudi kutoka Pemba na kumhamishia Mkokotoni. Kabla ya kuondoka Sichana alinipitia kwenye dirisha la dawa kliniki, akaniuliza mtoto akikohoa kama hivi au kama vile tofauti yake ni nini, akanipigisha kikohozi mimi mwenyewe mbele ya foleni nzima mpaka akaridhika.

Waliokuwa nyuma yake wakaguna kwamba anawachelewesha. Nikawaambia wasubiri.